Juha, Joe na Boyie: Vita vya Eastlands katika Katuni

Jumamosi ya tarehe 24 Aprili 1954, jua halijachomoza, barabara za kuingia na kutoka Nairobi zilikuwa zimekwisha kufungwa. Jenerali George Erskine alikuwa amekusanya askari na polisi wapatao 25,000, na amri aliyowapa ilikuwa kuupekua mji mtaa kwa mtaa, chumba kwa chumba, ili wafuasi wa Mau Mau wang'olewe mjini. Serikali ya kikoloni iliipa kazi hiyo jina la Operesheni Anvil. Ilichukua wiki kadhaa, na uzito wake ulianguka upande wa mashariki wa mji, Eastlands: Pumwani, Kariokor, Shauri Moyo, Ziwani, Kaloleni, Bahati.

Magari yenye vipaza sauti yalipita yakiamuru watu watoke nje. Kila mmoja aliruhusiwa mfuko mmoja. Kitanda, sufuria, meza na baiskeli vilibaki nyuma, na vingi havikuonekana tena. Vipande, yaani vitambulisho, vilikaguliwa. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitengwa na wengine, wakachutamishwa nyuma ya seng'enge, kisha wakapitishwa mmoja mmoja mbele ya mtu aliyevikwa gunia kuanzia kichwani, lenye matundu mawili ya macho. Watu walimwita gakunia. Hakusema neno. Akitikisa kichwa, aliyesimama mbele yake alipandishwa lori kwenda Lang'ata, na kutoka Lang'ata garimoshi lilimpeleka Manyani au Mackinnon Road. Wanaume wapatao 20,000 waliishia vizuizini kwa njia hiyo. Wanawake na watoto wapatao 30,000 walirudishwa rizavu, wengi wao kwenye vijiji ambavyo watoto waliozaliwa mjini hawakuwahi kuviona.

Mtoto wa miaka kumi alikuwa na umri wa kutosha kuyakumbuka hayo yote, na kimo cha kuyaona kwa namna yake: viatu vya wanajeshi, mikono ya baba kichwani, gunia lenye macho. Hata hivyo picha tulizorithi za Aprili ile si zake. Zilipigwa na wapiga picha waliosimama upande wa wenye bunduki, ndiyo maana tunawaona wanaume wa Bahati na Pumwani kutoka juu, wamechuchumaa kwa safu, nyuso zimeinamishwa. Kitabu cha katuni ambamo mtoto wa Eastlands anasema "mimi" na kutuchorea asubuhi ile kutoka chini, sijakutana nacho. Lakini mitaa hii haikukosa wachoraji. Imechorwa kwa miaka sabini, na waliochora walichagua karibu kila mara kumtanguliza mtu wa kubuni.

Baada ya Anvil, Wakikuyu walioruhusiwa kubaki walikusanywa katika maeneo machache, Bahati likiwemo, wakazungushiwa seng'enge, wakawa wanatoka kwa pasi na kurudi kabla ya kafyu. Nafasi zao viwandani na relini zilijazwa na Wakamba, Waluo na Waluhya, nao wakahitaji nyumba. Ndipo mitaa mipya ikajengwa kuelekea mashariki, mingine ikipewa majina ya waliouawa katika vita hivyo. Mbotela ni Tom Mbotela, kiongozi wa chama cha KAU aliyeuawa Novemba 1952. Ofafa ni diwani Ambrose Ofafa, aliyeuawa 1953. Watoto waliocheza kandanda kwenye viwanja vya mitaa hiyo walikua wakitamka majina ya marehemu kila siku bila kuwaza, maana kwao Mbotela ni stejini unaposhukia.

Wengine hawakupata mtaa wowote. Baba yuko Manyani, mama amepelekwa rizavu, mtoto amerudi mjini kwa miguu au chini ya turubai la lori. Mwaka 1959 Geoffrey Griffin, aliyekuwa amewasimamia vijana waliokamatwa wakati wa Hali ya Hatari ya miaka hiyo ya vita, alianza kituo cha Starehe pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu. Kilikuwa vibanda viwili vya mabati, hatua chache kutoka Pumwani. Gikubu mwenyewe alikuwa amepitia kizuizini akiwa kijana. Leo Starehe inatajwa kwa matokeo ya mitihani, na ni wachache wanaokumbuka kwamba wanafunzi wake wa kwanza walikuwa watoto waliolala barabarani kwa sababu ya vita.

Wakubwa walipopata nafasi ya kusimulia, waliandika. J. M. Kariuki alichapisha kumbukumbu zake za vizuizini mwaka 1963. Gakaara wa Wanjau alitoa shajara yake kwa Kigikuyu mwaka 1983, na mwaka uliofuata akatunukiwa Tuzo ya Noma. Ngũgĩ wa Thiong'o alingoja mpaka 2010 kusimulia utoto wake wa Limuru chini ya kivuli cha vita hivyo. Ni vitabu vizito, lakini vingi vinatazama msitu, kambi au kijiji. Eastlands hutokea kama mahali mtu alipokamatiwa, kisha hadithi inahama naye.

Muongo uleule wa seng'enge ndio uliomzaa Juha Kalulu. Edward Gitau alianza kumchora katika magazeti ya Kiswahili miaka ya 1950, akamhamishia Taifa Leo, akaendelea naye kwa zaidi ya nusu karne. Juha ni mtu wa chini, hana kitu, ana ujanja unaomrudia mwenyewe. Hakuwahi kuwa mpiganaji wala mfungwa. Msomaji wa Makongeni aliyemaliza zamu ya reli alimfungua Juha ukurasa wa ndani, akacheka, akafungia sukari gazeti hilohilo. Ukitafuta historia ya vita humo hutaipata, lakini umaskini, ukali wa wakubwa na kiburi cha mji utavipata kila siku, kwa miraba mitatu au minne.

Mwaka 1973 Nairobi ilipata gazeti zima la mtu kama huyo, safari hii kwa Kiingereza. Hilary Ng'weno, aliyelelewa Eastlands na kuwa Mwafrika wa kwanza kuwa mhariri mkuu wa Daily Nation, alishirikiana na mchoraji Mwingereza Terry Hirst kuanzisha Joe. Ng'weno aliondoka mapema, na mwaka 1975 akaanzisha Weekly Review. Hirst na mkewe Nereas waliliendesha Joe mpaka likafa 1979. Joe alikuwa mwananchi wa kawaida wa mjini: kodi ya nyumba, bosi, baa, basi lililojaa, ndugu waliofika kutoka mashambani bila taarifa. Ndani ya gazeti kulikuwa na hadithi fupi za waandishi waliokuja kuwa wakubwa, na katuni za Gitau kuhusu maisha ya mjini. Joe alicheka kwa sababu njia nyingine ilikuwa kulia.

Sasa tazama Japani wakati huohuo. Keiji Nakazawa alikuwa na miaka sita bomu lilipoangushwa Hiroshima. Mwaka 1972 alichapisha katuni fupi ya yale aliyoyaona kwa macho yake, Ore wa Mita, na mwaka 1973, mwaka uleule wa Joe, akaanza Hadashi no Gen, kazi ndefu ambamo mvulana Gen anapita njia aliyoipita Nakazawa mwenyewe. Baadaye Art Spiegelman alichora Maus, kuhusu wazazi wake walioponea kambi za Wanazi, akapewa Pulitzer mwaka 1992. Marjane Satrapi alitoa Persepolis nchini Ufaransa kuanzia 2000, kitabu cha msichana wa Tehran aliyekuta mapinduzi ya 1979 yakimbadilishia shule, mavazi na majirani, kisha vita na Iraki vikaja juu yake. Ulimwengu ulikuwa unajifunza kwamba katuni inaweza kubeba utoto uliovunjika. Kwa nini Nairobi, iliyokuwa na wachoraji, wasomaji na vita vyake, haikuenda njia hiyo?

Sababu ya kwanza ni ya tumbo. Gazeti lililipa kwa kipande, kesho lilitaka kingine. Tawasifu ya kurasa mia mbili inahitaji mtu wa kukulisha miaka miwili au mitatu unapochora, na mchapishaji wa Nairobi aliyeishi kwa vitabu vya shule hakuwa mtu huyo.

Sababu ya pili ilikuwa sheria. Marufuku ya kikoloni dhidi ya Mau Mau haikufa na bendera ya Uingereza. Ilibaki vitabuni katika utawala wa Kenyatta na wa Moi, ikaondolewa mwaka 2003 chini ya Kibaki. Kwa miaka arobaini ya uhuru, mtoto aliyechora kwamba baba yake alikuwa Mau Mau angekuwa amemchora baba yake ndani ya chama haramu. Wako walioandika hivyo bila kushtakiwa, ni kweli, lakini marufuku haihitaji kutumika kila siku ili ifanye kazi yake.

Ya tatu ndiyo naiona nzito kuliko zote, nayo imo katika uchoraji wenyewe. Mwandishi anaweza kusema "jirani mmoja alitusaliti" akaendelea. Mchoraji hawezi. Jirani lazima awe na pua, na kofia, na mlango wa chumba chake lazima uwe mahali fulani kwenye veranda. Nyumba za Kanjo, yaani za baraza la jiji, zilijengwa ukuta kwa ukuta, bomba moja la maji kwa wote, choo kimoja kwa safu nzima. Aliyetikisa kichwa ndani ya gunia mwaka 1954 huenda alikuwa anakaa nyumba ya nne kutoka kwako, na watoto wake wakasoma na watoto wako. Gunia ni rahisi kuchora. Aliyekuwa ndani yake ndiye mgumu kuchora, na huwezi kuchora utoto wako Bahati bila kuamua utamfanya nini. Juha na Joe walitatua tatizo hilo kwa sababu hawakuwa wa ploti ya mtu yeyote.

Joe alikuwa amekufa miaka mitatu risasi ziliposikika tena kwa wingi. Jumapili, tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi wa vyeo vya chini wa Jeshi la Anga walijaribu kuipindua serikali ya Moi. Kambi ya Eastleigh, iliyozungukwa na nyumba za watu, ilikuwa moja ya ngome zao, na mkuu wao alikuwa Hezekiah Ochuka, Senior Private tu kwa cheo. Waliteka Sauti ya Kenya, wakamtoa nyumbani mtangazaji Leonard Mambo Mbotela na kumlazimisha kusoma kwamba serikali imepinduliwa. Kwa hiyo jina lililokuwa tayari kwenye vibao vya Eastlands kwa ajili ya marehemu wa vita vya kwanza lilisikika redioni alfajiri ya jaribio hili, kwa sauti ambayo watoto waliijua kutokana na kipindi cha Je, Huu ni Ungwana? na matangazo ya mpira. Kufika jioni jeshi la nchi kavu, likiongozwa na Meja Jenerali Mahmoud Mohamed, lilikuwa limelizima jaribio hilo. Maduka ya katikati ya mji yalikuwa yameporwa, wanawake wa Kihindi wamebakwa majumbani, na siku zilizofuata askari walipita mitaani wakitafuta sare zilizotupwa na redio zilizoibwa. Kafyu ikarudi. Ochuka alikimbilia Tanzania, akarudishwa, akanyongwa Kamiti mwaka 1987. Jeshi la Anga lilivunjwa na kuundwa upya, na kambi ya Eastleigh ikapewa jina la Moi.

Aliyekuwa na miaka kumi siku ile anakumbuka ndege za kivita juu ya mabati ya Mathare na Umoja. Magazeti yaliyobaki hayakuwa mahali pa kuchora mambo hayo. Katuni ya rais yenyewe ilikuwa haifikiriki. Hirst, miaka hiyo ya 1980, alikuwa akichora mfululizo wa Pichadithi, vitabu vyembamba vya ngano na visakale: Lwanda Magere, fisi mlafi na wenzao. Vilipendwa, na nadhani vilistahili. Lakini tukubaliane kwamba katika Kenya ya wakati ule, shujaa kama Lwanda Magere, aliyegeuka jiwe karne zilizopita, alikuwa salama zaidi kuliko mwanajeshi aliyepita mtaani kwako mwaka juzi.

Mwaka 1990 ulivunja ukimya huo. Mwezi Mei askari wa jiji walivamia Muoroto, kijiji cha vibanda karibu na stendi ya mabasi ya Machakos, na tingatinga zikafuata. Wiki chache baadaye, tarehe 7 Julai, watu walielekea uwanja wa Kamukunji kwa mkutano wa kudai vyama vingi uliopigwa marufuku, huku walioitisha, Kenneth Matiba na Charles Rubia, wakiwa tayari kizuizini. Polisi walipiga, watu wakauawa, ghasia zikaenea. Kamukunji iko katikati ya Pumwani, Shauri Moyo na Gikomba. Mtoto aliyetumwa mandazi asubuhi ya siku hiyo, Saba Saba, alikuwa ndani ya historia kabla hajafika kioskini.

Kutokana na miaka hiyo kilizaliwa kitabu ninachokiona kuwa cha karibu zaidi na kile tunachokitafuta. Mwaka 1994 Taasisi ya Mazingira ilichapisha The Struggle for Nairobi, kazi ya Terry Hirst akisaidiwa na Davinder Lamba. Ni historia ya mji kwa katuni, tangu malisho ya Wamaasai na reli ya 1899, kupita ubaguzi wa makazi na risasi zilizopigwa kwa wafuasi wa Harry Thuku mwaka 1922, hadi ubomoaji wa vibanda. Hirst aliichora Nairobi kama uwanja wa mapambano kati ya wanaoimiliki ardhi na wanaoikalia, na kurasa zake zina watu wengi kuliko majengo, jambo nadra katika vitabu vya historia ya miji. Kinachokosekana ni msimulizi mwenye utoto. Umati unasema, na mtu mmoja anabaki ndani ya umati. Ni kitabu kilichostahili kusomwa darasani, kikabaki rafu za watafiti.

"Mimi" ya Eastlands ilipotokea hadharani, haikuja kwa kalamu ya mchoraji. Ilikuja Dandora kwa maikrofoni: kundi la Kalamashaka na wimbo wao Tafsiri Hii mwaka 1997, kisha kundi kubwa lililojiita Ukoo Flani Mau Mau. Mwimbaji wa rap hahitaji kuchora pua ya jirani.

Kisha ukaja Desemba 2007. Matokeo ya urais yalipotangazwa, Mathare, Huruma, Kariobangi na Dandora ziligawanyika kwa lugha za mama. Vijana waliweka vizuizi na kudai vitambulisho ili wasome jina la ukoo, na familia zikahama chumba usiku kwenda upande wa "watu wao". Nchi nzima walikufa watu 1,133, kwa hesabu ya Tume ya Waki iliyochunguza ghasia hizo. Kilichofanywa na gunia mwaka 1954 sasa kilifanywa na kadi ya plastiki, mchana, na majirani wenyewe.

Februari 2010 mfululizo wa katuni ulioitwa Shujaaz ulianza kutoka kila mwezi, kwa Sheng, bure, ndani ya gazeti la Nation na kwenye vibanda vya mawakala wa Safaricom, kwa mamia ya maelfu ya nakala. Waliouandaa, Well Told Story, walimfanya mhusika mkuu Boyie, kijana aliyemaliza shule bila kazi na kuunda stesheni ya redio ya siri chumbani kwake. Mwaka 2012 kazi hiyo ilipata tuzo ya Emmy ya kimataifa. Boyie anafundisha kufuga kuku, kujadiliana na viongozi, kutogawanywa kwa kabila. Namheshimu, na nadhani vijana wengi walijiona ndani yake. Lakini yeye ni mjukuu halali wa Juha na Joe: hana jina la ukoo linaloweza kusomwa kwenye kizuizi. Waandishi wake walijua walichokuwa wakikikwepa, na mwaka 2010 ilikuwa busara.

Aprili 2014, miaka sitini kamili baada ya Anvil, ploti za Eastleigh zilipekuliwa tena. Wasomali walikuwa wameishi hapo tangu siku za ukoloni, na baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka mwaka 1991 wakimbizi waliongezeka, nyumba za kulala wageni kama Garissa Lodge zikageuka maduka, na mtaa ukawa soko la Afrika Mashariki nzima. Baada ya mashambulizi ya kigaidi, serikali ilianzisha Operesheni Usalama Watch. Maelfu walikamatwa, wengi wakafungiwa uwanja wa michezo wa Kasarani kukaguliwa karatasi. Wengine walirudishwa Mogadishu, wengine wakapelekwa Kakuma na Dadaab, na ziko familia ambazo mzazi alichukuliwa, watoto wakabaki Eastleigh.

Dadaab ndiko kilikotoka hatimaye kitabu cha katuni cha utoto wa vita chenye "mimi" halisi, katika ardhi ya Kenya. Omar Mohamed alikimbia Somalia akiwa mtoto mdogo pamoja na nduguye Hassan, baba ameuawa, mama wamepotezana naye. Walikulia katika kambi zilizofunguliwa mwaka 1991 kwa watu 90,000, zikaja kubeba mara kadhaa ya idadi hiyo. Hassan anaugua kifafa, na neno lake karibu pekee ni "Hooyo", yaani mama. Omar anapopata nafasi ya shule, anapaswa kuchagua kati ya darasa na kumlinda nduguye, na kitabu kinakaa hapo kwa subira: foleni ya maji, mgao wa chakula, mahojiano ya Umoja wa Mataifa ambayo jibu lake huchukua miaka. When Stars Are Scattered kilitoka Marekani mwaka 2020 na kufika fainali ya Tuzo ya Taifa ya Vitabu ya huko. Mohamed hakukichora. Alikuwa akiandika kumbukumbu zake kwa maneno alipokutana Pennsylvania na mchoraji Victoria Jamieson. Yeye akasimulia, Jamieson akachora, Iman Geddy akapaka rangi.

Angalia umbali uliopo. Mohamed alisimulia Dadaab akiwa Pennsylvania. Satrapi aliichora Tehran akiwa Paris, Spiegelman aliichora Auschwitz ya wazazi wake akiwa New York. Wote walikuwa mbali na veranda. Aliyebaki Eastlands hana umbali huo, na hatari haijaisha kwa upande wa serikali pia: mkataba wa mchora katuni Gado haukuongezwa na Nation mwaka 2016, na Desemba 2024 Kibet Bull, aliyesambaza vivuli vyeusi vya rais mtandaoni, alitekwa na kutoonekana mpaka Januari.

Lakini katika habari ya 1954 muda umefanya kazi ambayo umbali uliwafanyia wengine. Marufuku imefutwa. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa fidia Wakenya zaidi ya 5,000 walioteswa wakati wa Hali ya Hatari, na baadhi yao walitoa ushahidi kwa majina kamili. Wengi wa waliovaa gunia wamekufa. Aliyekuwa na miaka kumi Bahati asubuhi ile amepita themanini, na kwa utaratibu wa Mohamed na Jamieson hahitaji kujua kushika kalamu. Nairobi ina wachoraji wengi wasio na kazi ya kutosha, na baadhi yao wanakaa Bahati hiyohiyo.